Vidonge vya Mdogo Wake

“Eti kemikali za ubongo!” alicheka mwalimu mstaafu, amepakata mfuko wa mashati ambayo fundi cherehani, jirani yake basini, aliona kwa jicho tu kwamba hayamwenei. “Dada, kemikali ni za kuulia kunguni. Mdogo wangu alipopata nafuu, vidonge vyake nilivimwaga chooni.”

Fundi akasonya. “Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali hizo, kaka. Zikienda mrama, vidonge husaidia kuzituliza. Cherehani yangu ikikimbia vizuri, ndiyo niache kuitia mafuta?” “Kwani wewe umesomea udaktari?” “Nimevimeza. Miaka tisa sasa.”

Mwalimu akajibana dirishani kama aliyeona nyoka. Msomi mzima!

Basi likasimama langoni mwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Fundi akampisha ashuke na mashati ya mdogo wake.