Bi Mwanahija na Mwaka wa Mbaazi

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa, na habari za asubuhi popote mlipo, kuanzia Somanga hadi Lindi mjini. Kama redio yako iko jikoni, iache hapo hapo. Leo tunamkumbuka mtu wa jikoni.

Jina lake Bi Mwanahija Fakihi. Mkulima wa Tingi. Mpishi wa Tingi. Ametutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Watu wazima walimwita Mama Warda. Watoto wa shule walimwita Bibi Dali, na jina hilo alilipenda kuliko yote.

Tuanzie Lindi mjini. Mwanahija alipelekwa huko na shangazi yake akiwa binti wa miaka kumi na sita, kufanya kazi za ndani kwa familia moja ya Wahindi wa Kibohora, jirani na soko. Mwenye nyumba aliitwa Mama Nafisa. Mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alimpa Mwanahija ungo wa dengu achague mawe. Alipomaliza, Mama Nafisa akaupitia ungo wote upya, akaokota kijiwe kimoja, akamwekea kiganjani.

"Hiki kingevunja jino la baba mkwe wangu," akasema. "Anza tena."

Akaanza tena. Na katika nyumba ile akakaa miaka tisa.

Huko ndiko alikojifunza dali, yaani mbaazi au dengu zilizopasuliwa na kumenywa, zikapikwa mpaka zikalainika kama uji mzito. Akajifunza kichiri, wali uliopikwa chungu kimoja na dali. Akajifunza kukaanga bizari nzima kwenye mafuta ya moto na kuimwagia juu ya chakula dakika ya mwisho, mpaka nyumba nzima ikajua kwamba chakula kiko tayari.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kuiga tu. Jumamosi moja dali ilizidi ukali wa embe mbichi. Mama Nafisa alikuwa nje. Mwanahija akakuna nazi, akakamua tui, akalitia. Mama Nafisa aliporudi akaonja. Akamgeukia.

"Nani amekuambia utie nazi?"

"Hakuna, Mama. Ilikuwa kali mno."

Mama Nafisa akachota tena kijiko, akaondoka nacho. Kesho yake, Mwanahija akitoka kwenda sokoni, akamwita mlangoni: "Na nazi mbili."

Basi tangu siku ile, wasikilizaji, katika nyumba ile ya Kihindi ikapikwa dali ya nazi.

Familia ile ilipohamia Dar es Salaam, Mwanahija hakufuatana nao. Alirudi kwao Tingi, akaolewa na Iddi, mkulima wa mikorosho, ufuta na mbaazi. Alikuja na sanduku la nguo na kopo la viungo. Na ndani ya kopo lile kulikuwa na mvuje.

Mvuje mnaujua. Ule utomvu mkavu wenye harufu ya kuchoma pua, ambao bibi zetu humfungia mtoto mchanga kumkinga na mabaya. Sasa fikirini. Bi harusi, hajamaliza mwezi ukweni, yuko jikoni, na nyumba nzima inanuka mvuje. Mama mkwe wake, marehemu Bi Kijakazi, akamwita mwanawe uani.

"Iddi, mkeo anapika au anafukuza mashetani?"

Mwanahija akasikia. Akatoka na mwiko mkononi, akapiga goti. "Mama, shetani wa mbaazi ni gesi. Mvuje unamfukuza huyo huyo."

Mzee Iddi alituhadithia haya nyumbani kwake Tingi, macho yake mekundu, lakini alicheka. "Mimi nilikaa katikati yao kama kuku aliyeletwa kwa mganga," alisema. "Mama hakula siku ile. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu akasema ataonja tu, asije akaitwa mchoyo wa roho. Akala hadi akalamba vidole."

Miaka ikapita. Wakajaaliwa mtoto mmoja, binti yao Warda. Dali ya Mwanahija ikabaki chakula cha nyumba ile. Majirani walikuwa wakisema tu, kwa Iddi wanakula Kihindi. Mbaazi kwao zilikuwa zao la kuuza. Chache zilipikwa na nazi asubuhi, zikaliwa na maandazi. Gunia lilikuwa la mnunuzi.

Halafu ukaja mwaka ule. Wakulima wa Kusini mnaukumbuka, sina haja ya kuwaeleza sana. Mwaka ambao mbaazi zilikosa soko. Wanunuzi hawakuja. Magunia yakarundikana vyumbani, watu wakalala yamewabana. Na mvua ilikuwa imekatika mapema, mahindi yakatoka kidogo. Kwa hiyo kukawa na jambo la ajabu, wasikilizaji. Nyumba imejaa mbaazi, na ndani yake watoto wana njaa.

Utauliza, kwa nini wasizile? Warda anajibu vizuri. "Mbaazi kavu zinakaa jikoni nusu siku. Kuni za nusu siku ni safari ya porini. Watu walikuwa wamechoka, na walikuwa na hasira nazo. Baba mwenyewe alizimwaga nyingine kwa mbuzi."

Mwanahija alimkuta mumewe akizimwaga. Hakumfokea. Akachukua ungo, akazizoa chini ya miguu ya mbuzi, moja moja. Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwalimu Laurenti, akamwambia kwamba watoto wawili wameanguka darasani kwa njaa. Mwanahija akarudi nyumbani, akamwambia Iddi, "Hizi mbaazi zitaliwa."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

Alikitoa uvunguni kijaa cha mama mkwe wake, yale mawe mawili ya kusagia ambayo hayakuguswa miaka. Akaloweka mbaazi usiku kucha, akazianika juani, akazipasua kwa kijaa, akapeta maganda. Jirani yake Mastura akaja kuchungulia. Mwanahija akampa mpini wa jiwe, azungushe. "Nilikuja kuomba chumvi," Mastura alituambia. "Nikatoka pale magharibi, mikono imevimba."

Sasa sikilizeni kikao cha wazazi. Bi Mwanahija aliomba shule iwapikie watoto kichiri mchana. Si ya mchele, maana mchele haukuwepo. Ya mahindi ya kuparaza, dali ya mbaazi, manjano, na tui. Kila nyumba itoe mbaazi, basi. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Musa Maftaha, akasimama.

"Watoto wetu hawatalishwa chakula cha Wahindi," akasema. "Tena mbaazi! Mwaka huu mbaazi ni za mbuzi. Na kuni za kupikia shule nzima nani atazibeba?"

Wakacheka. Mwanahija akangoja wamalize.

"Mwenyekiti," akasema, "miaka yote umemuuzia Mhindi mbaazi zako. Ulidhani anazifanyia nini? Anazipamba ukutani?"

Kicheko kikahama upande. Lakini yeye hakukaa chini. Akasema, "Endeleeni na kikao." Akatoka nje, na Mastura nyuma yake. Mafiga walikuwa wameyapanga mapema kando ya ukuta wa darasa, na dali ilikuwa imelowekwa tangu asubuhi. Ndani wazazi wakabishana juu ya paa la choo. Nje moto ukawaka. Walipofika kwenye mengineyo, Mwanahija alikuwa anakaanga vitunguu na bizari kwenye mafuta ya ufuta. Harufu ikaingia dirishani. Mwalimu Laurenti anasema hapo kikao kilikufa chenyewe. Kulikuwa na mzigo mmoja tu wa kuni, na nusu ya kuni ilikuwa bado imelala pembeni, maana mbaazi zilizopasuliwa huiva upesi.

Watoto wakala. Kamati ikakubali: siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Hayakunyooka.

Wiki ya tatu Bi Mwanahija alikwenda Nangurukuru kwenye msiba wa ndugu. Akina mama waliobaki jikoni walichelewa, wakaruka hatua ya kuloweka, wakaepua sufuria kabla mbaazi hazijaiva. Jioni watoto kumi na mmoja wakashikwa na tumbo. Mmoja wao alikuwa binti wa Bwana Musa, akatapika mpaka akabebwa zahanati. Kulipokucha kijiji kizima kilikuwa na neno moja: jiko lifungwe.

Bi Mwanahija alirudi siku hiyo hiyo. Mastura akamwambia, "Dada, wewe hukuwepo. Waambie hukuwepo." Akakataa. "Kosa la jiko ni la mwenye jiko." Akazunguka nyumba zote, ya kwanza hadi ya kumi na moja, kwa miguu, akiomba radhi. Nyumba moja walimfungia mlango. Akaomba radhi mlangoni.

Kwa Bwana Musa alifika jua linazama. Bwana Musa anakiri mwenyewe, na ametupa ruhusa tuyaseme haya hewani, kwamba hakumkaribisha kiti.

"Jiko lako limeniumizia mtoto," akamwambia.

"Ni kweli. Nisamehe. Na nakuomba kitu kingine."

"Bado una cha kuomba?"

"Njoo usimame juu ya sufuria langu wiki nzima. Uone tunavyoloweka, uone tunavyopika, uonje kabla mtoto hajaonja. Ukiona hapafai, mwaga mwenyewe, mimi sitarudi tena pale shuleni."

Bwana Musa alikwenda. Anasema alikwenda kwa nia ya kumwaga. Jumatatu alisimama amekunja mikono. Jumatano aliuliza kwa nini wanatia ukwaju mwishoni na si mwanzoni. Ijumaa alikuja na gunia begani, akalitua mbele ya Bi Mwanahija, akasema, "Hizi ni nzuri kuliko za juzi. Zile zilikuwa na wadudu." Radhi hakuitamka. Bi Mwanahija naye hakumdai. Akampa ungo achague mawe.

Mwaka ule ukapita. Soko likarudi taratibu. Jiko halikufungwa. Shule mbili za jirani zikaja kujifunza. Akina mama wakaanza kubuni ya kwao: kisamvu kilichopikwa ndani ya dali, bajia za mbaazi kwa chatini ya nazi, chapati iliyokunjiwa dagaa wa kukaanga na achari ya embe. Pale Nangurukuru, mabasi yanaposimama, mpaka leo utauziwa hizo chapati. Ukiuliza zimetoka wapi, utaambiwa ni chakula chetu cha asili. Bi Mwanahija alipolisikia hilo alifurahi sana. "Waacheni," alisema. "Wakishasema ni chao, hawatakiacha."

Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na mkono wa kulia ndio uliokuwa wa mwiko. Warda alimwambia, "Mama, sasa pumzika." Alipumzika siku tisa. Siku ya kumi Warda akamkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, anakoroga kwa mkono wa kushoto, nusu ya dali iko sakafuni.

"Nilitaka kumnyang'anya mwiko," Warda anasema. "Akanitazama tu. Nikachukua tambara nikapangusa sakafu. Tukaendelea hivyo, yeye anamwaga, mimi napangusa, mpaka akaacha kumwaga."

Miezi mitatu kabla ya kufariki, alimwita Mastura. Akamwambia, "Siku yangu ikiangukia siku ya jiko, msizime moto."

Mastura akamwambia, "Dada, sote tutakuwa msibani. Nani atapika?"

"Wewe."

Bi Mwanahija alifariki Jumanne alasiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Maziko yakapangwa Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Jumatano, siku ya jiko.

Asubuhi ile walikuwepo walionung'unika. Si adabu, walisema, kuwasha moto wa shule na maiti yuko ndani. Mwalimu Laurenti naye alikuwa tayari kuwaruhusu watoto warudi nyumbani. Mastura hakubishana na mtu. Alijifunga kanga, akaenda shuleni. Akapika peke yake, akilia, na watoto wakubwa wakimtekea maji. Kichiri ikaiva saa tano na nusu. Watoto wakala, wakaosha wenyewe sahani zao.

Aliporudi msibani, wanaume walikuwa wameshajipanga uani kulibeba jeneza. Mzee Iddi alikuwa mlangoni. Akaona kanga imejaa masizi.

"Wamekula?" akauliza.

"Wamekula, shemeji."

"Wote?"

"Wote."

Mzee Iddi akageuka kwa wale wanaume. Akasema, "Bismillahi. Mchukueni."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studio, natoa mkono wa pole kwa Mzee Iddi, kwa Warda, kwa Mastura, na kwa watu wote wa Tingi. Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Mwanahija Fakihi mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu nyumbani kwake. Ni kitu gani kiko ndani, kimekaa kwenye gunia, tumekidharau kwa sababu tu mnunuzi hakuja? Na mtoto gani amelala na njaa pembeni yake?

Mwenye gunia alifungue leo.