Kumuaga Eufrasia, Mtengeneza Shabaha za Nyuklia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wazazi wenzangu wa Mwamapalala: mwangaluka!

Mimi Generoza ni shangazi yake Eufrasia, na ndimi niliyemfundisha fizikia sekondari. Nimepewa nafasi hii nimuage. Lakini tulipotoka kanisani, wifi yangu Veronica, mama yake, alinivuta pembeni akasema, "Wifi, wewe anakusikiliza. Mzuie." Kwa hiyo nasimama hapa na hofu yangu, na bado sijui nitamaliza vipi.

Mnauliza, huyu mtoto anafanya kazi gani huko Ulaya? Anatengeneza shabaha. Si za mishale, jamani! Ni kisahani cha shaba, kidogo kama kifuniko cha soda, kilichopakwa utando wa metali iitwayo titaniamu. Wanakipasha moto ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote, halafu kinapopoa wanaingiza haidrojeni nzito, na ile metali inaimeza gesi na kuishika. Kisha wanasayansi wanakipiga kwa chembe ndogo kuliko atomi, wajue mambo ya ndani ya kiini cha atomi. Mpaka sasa gesi yake haikuwa na madhara. Akirudi safari hii ataanza tritiamu, yenye mionzi, ambayo huingia mwilini hata kupitia ngozi. Nani kati yetu asingeogopa?

Mimi naogopa zaidi, maana nakijua kidole chake. Baba yake, kaka yangu Masunga, alikuwa mpanga madaraja ya pamba enzi za ushirika, kabla ya hawa wanunuzi binafsi wanaochanganya pamba safi na fifi, ile ya daraja la chini, gunia moja. Mheshimiwa atanisamehe. Eufrasia amekulia ghalani, na kwetu pamba haijulikani mpaka isuguliwe kwa kidole gumba. Basi kisahani chake cha kwanza kilipotoka kinang'aa, kabla hakijawekewa gesi, akavua glavu, akakisugua! Mafuta ya ngozi yakabaki pale, na metali ikakataa gesi. Maabara nzima ikahangaika ikidhani mtambo umeharibika.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwa mkuu wake akasema, "Nilikigusa mimi."

"Kwa nini?"

"Nyumbani ndivyo tunavyojua kitu kizuri."

Aliponisimulia tulicheka sana, halafu nikaingia jikoni nikalia. Je, kingekuwa cha tritiamu?

Wapo watakaosema abaki afundishe, shule zetu hazina walimu wa fizikia. Ni kweli, na inaniuma. Siku hizi soko limefunguliwa, mipaka imefunguliwa, na watoto wetu nao wanaondokea humo humo.

Wifi, nisamehe. Nimetafuta neno la kumzuia, nimelikosa. Aliyekiri kosa ambalo hakuna aliyeliona, huyo namwamini kukaa karibu na gesi hiyo. Eufrasia mwanangu, sikuombi usikosee, maana mkono una mazoea yake. Nakuomba siku ukigusa useme papo hapo, hata kama watakufukuza kazi, hata kama utaona aibu kurudi hapa bila kitu. Rudi na hiyo aibu. Tunakutaka mzima.

Mheshimiwa, ndugu zangu, nawashukuru mmenisikiliza mpaka mwisho. Wifi, njoo umshike mkono.