Bunduki ya Rafiki Yake Mahfoudh

Kwenye baraza moja ya Mkunazini, kahawa ya alasiri ina wenyewe. Bakar anaitwa Kadhi, kwa kuwa hukumu zake hazina rufaa, ingawa mahakamani hajawahi kuingia ila kwa kushitakiwa. Machano anaitwa Rada, maana habari humfika kabla ya redio, nyengine hata kabla hazijatokea. Siku hiyo redio ilikuwa imesema kuwa sheria ya silaha inatakiwa ikazwe: kibali cha bunduki kife na mwenyewe, na warithi waisalimishe upesi. Mahfoudh, fundi wa mafriji aliyemzika baba yake mwezi uliopita, alikaa katikati yao roho juu.

— Ikazwe! alisema Kadhi. Mtu na bunduki ndani, siku akigombana na mkewe itakuwaje?

— Na wenye mashamba Tunguu? aliuliza Rada. Nguruwe wanawamalizia mihogo. Wawapigie makofi?

— Wafuge mbwa.

— Na mbwa nao watatakiwa kibali, utaona.

Mahfoudh akakohoa.

— Mie nna rafiki yangu, alisema. Baba yake alikuwa msasi wa nguruwe. Kafa, bunduki imo uvunguni mwa kitanda. Afanye nini?

Wakatazamana. Mtaa mzima ulijua mzee yupi alikuwa msasi. Lakini barazani mtu husitiriwa, kwa hivyo huyo rafiki alipokewa kwa heshima zake zote.

— Asiiguse! Kadhi alihukumu. Hiyo mirathi. Mjane ana thumni yake, apewe kitako. Watoto wagawane mtutu.

— Dada yake yuko Maskati, alisema Mahfoudh.

— Basi asubiriwe aje achukue chake.

— Msimsikilize huyu, alisema Rada. Aitie baharini pale Mtoni. Ila aifunge gunia, maana siku hizi kuna mitambo huko angani inaona chuma mpaka chini ya mchanga. Juzi wameona sufuria.

— Nani kakwambia?

— Hao hao waliokwenda kuichukua sufuria.

— Yakhe, aipeleke polisi tu, alisema Kadhi.

— Apite nayo Darajani mkononi? Atapigwa mawe kabla hajafika!

— Basi polisi waje waichukue.

— Haiwezekani! Sauti ilimtoka Mahfoudh kubwa kuliko alivyotaka. Mama yangu yumo edani. Wanaume wageni wataingiaje chumbani kwake?

Hakuna aliyemuuliza yule rafiki kaenda wapi. Mahfoudh alikuwa haoni ila kitu kimoja: mama yake anapandishwa gari ya polisi na eda yake haijesha. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya watu.

Hapo akatokea Bi Kazija, jirani, anatoka kumtazama mjane.

— Shikamoo, Bi Kazija.

— Marahaba, wanangu. Nnatoka kwenu, Mahfoudh. Mama hajambo, nimemwacha anasali. Mbona mnapiga kelele hivyo?

Rada akamweleza yote, kitako, Maskati na sufuria. Bi Kazija akasikiliza mpaka mwisho.

— Na ina risasi ndani?

Wakamgeukia Mahfoudh. Tangu mzee afariki, bunduki ile haijaguswa. Wote nyumbani waliogopa sheria, na hakuna aliyeinama akaitazama. Na tangu mama akae eda, yeye mwenyewe ndiye aliyewahamishia wanawe chumbani kwa bibi yao, asikae peke yake.

— Sijui, alisema.

— Hujui? alisema Bi Kazija.

— Watoto umewaacha wapi, Bi Kazija?

Bi Kazija akashika kifua.

— Wanacheza kujificha, mwanangu. Yusra kaingia uvunguni.

Mahfoudh alikwenda mbio, miguu mitupu, akimwita binti yake toka huko huko uchochoroni. Kadhi na Rada, ambao hawajakimbia tangu ujana wao, walimfuata nyuma.