Bi Sisikii Alipokea Malalamiko kwa Maandishi Tu

Wasikilizaji wapendwa, leo nimekuja na hasira. Nimeipiga pasi kabla ya kutoka nyumbani, isije ikakunjamana hewani.

Tunamkumbuka mwalimu wa darasa la kwanza. Jina lake la ofisini tuwaachie wa ofisini. Watoto walimwita Bi Sisikii, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Masikio yake yalikuwa mazima. Nasema tena, mazima. Ukifungua peremende dawati la nyuma, yeye yuko ubaoni, ameshasikia na ladha ameitaja.

Basi mwaka fulani akaletewa binti wa fundi viatu. Miaka saba, mdomo kama cherehani. Lakini penseli aliishika kama mkia wa panya. Mwalimu wa awali aliwahi kuinua daftari lake juu, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo mtoto hakuandika hata herufi.

Bi Sisikii hakumbembeleza. Aliandika ubaoni, akasoma kwa sauti: "Binti wa fundi viatu anaogopa kuku."

"Mwongo!" mtoto akaruka. "Mimi siogopi kuku!"

"Sisikii," mwalimu akasema, kiganja sikioni.

"Nimesema siogopi!"

"Masikio yangu leo mabovu, mama. Malalamiko napokea kwa maandishi tu."

Mtoto alivimba. Akalizunguka dawati mara mbili. Kisha akanyakua penseli, akaandika huku anahema: siogopi kuku, wewe ndiye unaogopa. Herufi zilipanda na kushuka, nyingine zilikosa nusu.

Bi Sisikii hakurekebisha hata moja. Aliandika chini yake: "Barua yako nimeipata. Nisamehe. Kweli, mwoga ni mimi. Kuku wenu ana rangi gani?"

Hilo ni swali, wasikilizaji, na swali linataka jibu. Mtoto akajibu. Akajibiwa. Mwisho wa muhula alikuwa amejaza madaftari matatu, na makosa waliyasahihisha baadaye, wawili, wakicheka.

Mdogo wa marehemu ametuambia: "Dada alirudi na madaftari mpaka kitandani. Shemeji akilalamika hana pa kulala, anaambiwa, 'Baba, na hilo niandikie.' Alisema mtoto akikuandikia ukamnyamazia, umemfundisha kwamba kuandika ni kazi bure. Kwa hiyo alijibu kila karatasi."

Kila karatasi. Lishikeni hilo.

Siku moja mwalimu mkuu akayafungua madaftari yale. Akakuta mwalimu anaitwa mwongo. Akakuta anaitwa mwoga. Akakuta makosa hayana wino mwekundu. Hakuuliza. Alimtoa darasani, akampeleka stoo kutunza chaki na mifagio. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini na sita! Darasa likapewa mtu wa kunakilisha ubaoni. Madaftari yakawa masafi, mazuri, na yote arobaini yanasema kitu kimoja, kama yamevalishwa sare.

Bi Sisikii alimwandikia mwalimu mkuu barua kuomba arudishwe darasani. Aliandika barua kumi na moja. Hakujibiwa. Narudia kwa aliyekuwa jikoni: barua kumi na moja, jibu hakuna. Kila alipotoka stoo alipita kwa karani kuuliza. Karani akawa anajifanya anatafuta faili, maana hakuwa na pa kuficha uso.

Miaka miwili hivyo. Jumanne iliyopita moyo wake ukasimama.

Mazikoni, mwalimu mkuu akashika kipaza sauti. "Marehemu alikuwa nguzo yetu," akasema. "Siku zote tulimsikiliza."

"Mwongo!"

Ni yule binti wa fundi viatu, sasa yuko darasa la tatu.

"Shhh, mama," baba yake akamshika bega. "Watu wazima wanaongea."

Mtoto akaomba kalamu.

"Niliinama," fundi viatu ametusimulia. "Akaweka ratiba ya mazishi mgongoni kwangu, akaandika. Alibonyeza, ndugu yangu! Kila nukta niliisikia."

Aliandika: "Mwalimu Mkuu, umesema uongo. Kwa nini ulimweka mwalimu wetu stoo? Naomba unijibu." Akapenya katikati ya watu, akampa mkononi. Mwalimu mkuu aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni.

Kwa shemeji mwenye kitanda ambacho sasa kina nafasi tele, kwa mdogo wake, na kwa wote waliowahi kumwita mwongo wakajibiwa kwa heshima: poleni, poleni sana. Na wewe msikilizaji, mtoto akikuletea karatasi yenye herufi zilizolewa, weka chini kalamu nyekundu. Mjibu kwanza alichosema.

Mwalimu mkuu, najua unatusikia. Redio ya ofisini kwako haizimwi, karani kaniambia. Karatasi iko mfuko wa kushoto, koti la kijivu. Kuna mtoto wa miaka tisa anasubiri, na anajua kusoma.

Namba ya studio unayo. Usiipige. Leo na sisi hatusikii.