Bi Rula na Milimita Tisa za Njia ya Kushoto

Ijumaa tarehe 30 Juni, Bi Rula anastaafu baada ya kuutumikia uwanja wetu wa mbio za magari kwa miaka ishirini na tisa. Jina hilo tulimpa sisi, kwa ile rula ya chuma isiyotoka mfukoni mwa koti lake la kazi.

Aliajiriwa kufagia lami. Mwaka wa tatu akakabidhiwa miale ya mstari wa kuanzia, ile mianga isiyoonekana inayokatwa na tairi la mbele. Taa ya kijani ikiwaka, saa huhesabu hadi tairi liuachie mwale. Hapo ndipo wepesi wa dereva hujulikana. Kwa kazi hiyo alikuwa mkali kama pilipili. Siku moja alimtimua meneja kwa ufagio kwa kuwa alikanyaga kisanduku kinachotoa mwale, kisha akamtengea chai.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kuutaja msimu ambao yeye mwenyewe humsimulia kila mfanyakazi mpya.

Palikuwa na dereva mmoja, fundi rangi, aliyependa njia ya kushoto, kati ya zile mbili ambamo magari mawili hushindana sambamba, kwa kuwa lami yake ilishika vizuri. Msimu mzima saa ilimwonyesha amechelewa kuondoka kwa sehemu ya mia ya sekunde, na fainali akaipoteza kwa hiyo hiyo. Jukwaani wakamwita Konokono. Akauza gari, akaacha mbio.

Miezi minne baadaye, Bi Rula akipima upya, aligundua kuwa mwale wa kushoto ulikuwa juu kwa milimita tisa. Alikuwa ameupima kuanzia ukingo wa zege ulioinuka, si lami yenyewe. Mwale ukipanda hukutana na tairi pale lilipo pana zaidi, nalo huchelewa kuuachia. Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kuushusha akanyamaza. Badala yake aliwaandikia viongozi barua, akapanda basi hadi kwa yule fundi.

Alimkuta akipiga msasa mlango wa gari, akamweleza yote hapo hapo, wima.

"Kumbe sikuwa mzembe," fundi akasema. Akaweka msasa chini. "Baba tumemzika mwezi uliopita, mama. Ameondoka akiamini nilikuwa mzembe."

Siku mbili Bi Rula hakuja kazini. Uongozi ulitangaza kosa, ukamrudishia fundi ushindi wake, lakini mbioni hakurudi tena. Tangu hapo, kila asubuhi ya mashindano, kila njia hupimwa na watu wawili, kutoka kwenye lami. Utaratibu huo ni wa Bi Rula. Tukimsifu kwa huo, huinamisha uso.

Sasa magoti yamegoma kupigwa kwenye lami, naye ameamua kupumzika.

Asante, dada yetu. Tunakuombea afya, wajukuu wengi, na moyo uliotulia. Kosa lako ulilisema mwenyewe, kabla hujaulizwa. Wengi wetu tunaobaki hapa bado hatujafika hapo.