Kiragu wa Thuo na Pembe Aliyoimwaga

"Pombe ya Nairobi itaisha, Kiragu abaki!" Marehemu alitangaza hivyo mwaka 1964, amesimama juu ya meza ya baa hapa Riruta. Wengi mliopo leo mlimpigia makofi. Asanteni sana.

Mzee Kiragu wa Thuo alizaliwa Riruta mwaka 1924. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka na mwandiko mzuri ambao hakuna mtoto wake aliyeurithi. Mwaka 1947 aliajiriwa tarishi katika ofisi ya bima, Government Road, baadaye akawa karani wa mafaili. Alimwoa mama yetu, Virginia Wamucii, tarehe 10 Desemba 1949.

Tarehe 2 Aprili 1966 mama alimfungia marehemu nje kwa ulevi, akalala bandani mwa mbuzi. Asubuhi akasema ameacha pombe. Hatukumwamini, na mbuzi pia walionekana kuwa na mashaka. Lakini aliacha kweli, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Alipokuwa mlevi hakuonekana nyumbani, alipopona hakuondoka. Alinusa vikombe vyetu. Alinusa dawa ya kikohozi. Kila siku ya mshahara mmoja wetu alitoka shule mapema, akaenda mjini na sare yake, amshike mkono hadi nyumbani. "Hakuna baa itakayonipokea na mwanafunzi," alisema. Tukipita mlango wa baa alitubana vidole mpaka machozi yatutoke. Watu walidhani tumeiba, tunapelekwa polisi.

Mwaka 1973 dada yetu mkubwa, Njambi, alichumbiwa. Wakwe walileta muratina, maana baba asipokunywa pombe ya mahari hakuna ndoa. Tena desturi inataka amwulize binti kwanza, mbele ya wazee. Marehemu alishika pembe ya kunywea, imejaa.

"Njambi, ninywe hii?"

Njambi alimpenda yule kijana, alitakiwa kusema ndiyo tu. Lakini ndiye aliyekuwa amemvusha baba mbele ya baa mara nyingi kuliko sisi wote.

"Usinywe, Baba."

Wakwe wakaanza kuvaa makoti. Marehemu akatoka, akaimwaga ile pembe nje, akarudi.

"Mama Njambi, lete uji!"

Ukajazwa katika pembe ile ile.

"Na hii je, ninywe?"

"Hiyo kunywa, Baba, hata umalize sufuria."

"Kwani tumekuja kuoa ama kuachisha mtoto ziwa?" akauliza mjomba wa bwana harusi. Kisha akavua koti, akaomba kikombe chake cha uji. Harusi ilifungwa Agosti.

Kwa bahati mbaya, ini lake halikupata habari kwamba ameacha. Lilianza kumsumbua Januari 1977. Hospitalini alikataa kila dawa ya maji mpaka daktari aape kwamba haina pombe, na daktari aliapa mara nyingi kuliko shahidi wa mahakama. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Agosti 1977, alfajiri, bila kuonja tone kwa miaka kumi na moja.

Ameacha mjane, Virginia Wamucii. Watoto Njambi, Thuo na Ndungu. Mkwe mmoja mvumilivu na wajukuu wawili.

Mungu ampe kupumzika, na sisi pia.

Marehemu aliagiza pombe isionekane kwenye mazishi yake, na itakuwa hivyo. Wenye kiu wataona kioski nje ya lango. Soda ni senti themanini.