Neno Halikai Lilipowekwa

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, Kawira huku kulia na Sidney kushoto, na mtu asiniambie nipumzike, kwa maana nitapumzika mpaka mchoke kuja kuniangalia. Niinulieni mto. Juu zaidi. Mgongo umekikataa kitanda, nacho kitanda kimenikataa mimi.

Nyumba hii ya Randburg ni yenu wawili, wala isiuzwe mpaka mkubaliane kwa vinywa vyenu wenyewe. Vitabu vyangu vya Kiingereza cha kale vipelekeni chuoni, kwenye idara ile ile ambako mwenzangu mmoja alisimama mkutanoni akauliza mtu wa Thika atawafundisha nini watu kuhusu lugha ya mababu zao, nami nikafundisha mpaka yeye akastaafu bila kunisalimu. Kinyongo hicho nimekibeba miaka mingi na sasa sina mabega. Kizikeni kabla yangu.

Nilichofundisha ni hiki: neno halikai lilipowekwa. Huyo *deer* tunayemjua kama kulungu, zamani alikuwa mnyama yeyote wa porini. *Girl* alikuwa mtoto yeyote, wa kiume na wa kike. *Silly* alikuwa mtu aliyebarikiwa, kisha akawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, na leo ni mpumbavu. Hakuna mfalme aliyeamuru, watu walisema tu, kila mmoja akisukuma kidogo, hadi baraka ikawa tusi na hakuna aliyeona ilipogeukia. Wanafunzi walikuwa wakicheka, nami nikicheka nao. Sasa jambo hilo linaninyima usingizi.

Maana limetokea humu ndani mwangu. Kawira, ulikuwa ukisema "ndugu yangu". Mama yenu alipofariki, mimi nikiwa nimelazwa, Sidney akamzika hapa nawe ukitaka arudishwe kwao Meru, ukaanza kusema "mwanao". Leo unasema "huyo". Mwambie huyo azime hita! Naye Sidney anajibu, mwambie huyo avae sweta! Mmeniweka katikati kama robot, hizi taa za magari za njia panda, huyu apite, huyu angoje, na robot yenyewe, wanangu, taa zinazima. Nikizima mtapitaje? Naogopa. Sioni haya kusema naogopa, kifo chenyewe hakinitishi hivyo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yenu amelala, msimfukue kwa midomo. Nami nizikeni ubavuni pake, hapa hapa Johannesburg, na watu wa nyumbani wakiuliza, waambieni mzee alisema mwenyewe.

Sidney, naiona simu hapo gotini inanirekodi. Najua kwa nini. Umezaliwa hapa, ukakulia Kiingereza na Kizulu, Kiswahili changu unakipata nusu, basi unasema utamtafuta mtu wa nyumbani kule mtaa wa Hillbrow akutafsirie baadaye. Futa. Nisikilize, futa! Sauti yangu mkiifungia humo, mtaigombania, na watoto wenu watashikana mashati kwa neno ambalo siku hiyo halitakuwa na maana niliyoiweka. Wosia huu hauandikwi wala haurekodiwi. Kila mwaka, siku aliyofariki mama yenu, ketini meza moja mwambiane upya, kwa maneno ya mwaka huo, na pale maneno yangu yatakapowatenga, yaacheni maneno, mshikane nyinyi. Wagombanao ndio wapatanao.

Umefuta? Nionyeshe... Haya.

Maji kidogo. Basi, yatosha.

Mungu awakalishe pamoja. Awape njaa siku moja na shibe siku moja, msile mbali mbali. Watoto wenu wajuane kwa majina, wajuane kwa sura, na mlango wa hapa usiwe... usiwe mzito kwa yeyote kati yenu. Nimewabariki. Wote. Kwa mkono mmoja, maana huu mwingine haunyanyuki.

Kawira. Ndugu yako hakuelewa nusu ya niliyosema, nami sina... pumzi ya kurudia. Wewe ndiye uliye nayo. Hapana, usiniangalie mimi. Geuka. Mwangalie yeye. Mwambie... "Baba amesema..."

Endelea, mama. Nasikia.